Siku Mtani Alipobeba Kabati la Magari

Harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi ya gari, ikinikuta popote lazima nisimame. Watu wanaziba pua, wanasema inaumiza kichwa. Mimi naivuta. Juzi tu hapa Segera fundi mmoja alikuwa ananyoosha mlango wa basi lililokwanguana na lori, akafungua kopo, na mimi nikasahau nilichofuata pale. Nilikuwa nimesharudi Korogwe, uani kwa Mjomba Mhina nilikokuwa nakaa nikisoma, nimekalia tairi, nina miaka tisa au kumi, nimemshikia brashi nyembamba kama unyasi wa ufagio. Hata kupumua naogopa, kwa sababu anapitisha mstari wa dhahabu kwenye ubavu wa gari lenye urefu wa kidole.

Mjomba Mhina, mdogo wake mama, alikuwa fundi bodi. Nawaeleza kabisa, maana siku hizi watu wanadhani basi linazaliwa likiwa basi. Utotoni kwangu tulikuwa tunayaona yakipita Segera uchi: chasisi, injini, usukani, na dereva amejifunga shuka kichwani kwa sababu hana kioo cha kumkinga upepo. Likifika kwa kina mjomba ndipo linavikwa. Vyuma vinapindwa, bati linagongwa, puti, ule mseto wa kuziba mabonde, inapakwa na kusuguliwa mpaka kiganja kikipita hakisikii kitu. Mjomba alikuwa akisema kiwanda kimeleta mifupa tu, sura tunaiweka sisi.

Ndiyo maana akapenda vigari. Mtu mzima anakusanya vigari, na Korogwe walimcheka mpaka wakachoka. Lakini havikuwa vya kuburuta mchangani. Vilikuwa vya chuma, vimepunguzwa mara arobaini na tatu kutoka gari lenyewe, vina milango ya kufungua kwa ukucha. Na hakuchukua kila kilichokuja. Alitaka magari ya matajiri wa zamani tu, ya Ulaya na Amerika, ya enzi ambazo tajiri alinunua chasisi kiwandani halafu akaipeleka kwa fundi bodi, kama unavyopeleka kitambaa kwa fundi cherehani, ukapimwa, ukaulizwa unataka mkono mrefu au mfupi. Vigari vyenyewe vilikuja ndani ya marobota ya mitumba ya midoli, vingi vimechubuka, vingine havina magurudumu. Kimoja cheusi chenye pua ndefu, gurudumu lake moja lilikuwa kifungo cha kanzu.

Kabati alilitengeneza mwenyewe kwa madirisha ya basi bovu, yale ya kuteleza. Na humo ndani hakuvipanga kwa jina la kiwanda wala kwa rangi. Alivipanga kwa yule aliyebuni bodi, kama koo za watu. Majina yao ya Kizungu yalimshinda ulimi, na mimi ndiyo kabisa, kwa hiyo akawapa ya kwetu. Kulikuwa na Mzee Tone, Mfaransa, ambaye magari yake yalishuka nyuma kama tone la maji linalotaka kudondoka. Kulikuwa na Bwana Wembe, Mwitaliano, hapotezi mstari. Kulikuwa na Shehe Wima, Mwingereza, paa juu kabisa ili tajiri asivue kofia. Rafu ya juu yote ilikuwa ya Mzee Tone. Ukianza kushoto unaona gari lenye woga, linalofuata limeanza kulegea, linalofuata limelala, mpaka la mwisho kulia hujui bati linaishia wapi na upepo unaanzia wapi.

"Ukitoa moja hapo katikati," mjomba aliniambia, "huyu mzee anakuwa kama hakukua."

Nilimwelewa palepale. Shuleni nilikuwa naelewa kwa viboko, lakini hilo nilielewa bila kuguswa.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja nilikuwa simpendi. Mzee Maganga, dereva wa lori, Mnyamwezi wa Mkumbara, babu yake aliletwa huku kukata mkonge. Karibu kila jioni anaegesha, anaingia bila hodi, anaanza matusi. Kwamba Wazigua bada, ule ugali wetu wa muhogo, imetupanda kichwani. Kwamba amekuja kumsalimia mwanamume, amekuta yaya wa vidude. Mjomba naye hainui kichwa, anamjibu kwamba Mnyamwezi hawezi kulijua gari, ukoo wao mzima ulisafiri kwa miguu na mzigo wa mtu mwingine utosini. Wanakwenda hivyo mpaka birika linaisha. Akiondoka anatupa kitu mapajani mwa mjomba, kimeviringishwa kwenye gazeti, anasema shika takataka yako. Ndani kuna kigari alichokiokota huko marobotani, Tanga au Dar. Mimi nilisikia tusi tu. Nilikuwa naondoa kikombe chake kabla hajamaliza kunywa.

Halafu kifua kikamkamata mjomba. Miaka yote ya kupuliza rangi bila kitambaa usoni ikaja kwa pamoja. Akarudi kwao Kwedizinga kwa Bibi, mama yao, na kabati likaletwa nyuma ya gari limefungwa kwenye godoro. Likasimamishwa ukutani anapoliona akiwa amelala. Nami nikarudi kwetu, nyumba ya pili, kwa hiyo nikawa mlangoni kwake kutwa. Siku moja baada ya adhuhuri, mende wanatembea darini na hakuna mtu mwingine, akaniita karibu.

"Mwanaidi. Nikiondoka wasinitawanyie."

Nikamwambia hawatakutawanyia.

Akacheka mpaka akakohoa, ananijua. "Ila usimpige mtu."

Hiyo ya pili sikuiahidi.

Alipofariki na kuzikwa, watu walilia, na mimi nililia, lakini nawaambia ukweli, muda wangu mwingi nilikuwa nahesabu watu wanaoingia chumba kile. Kwetu vitu vya marehemu vinagawiwa siku ya arobaini, na msimamizi alikuwa Mjomba Mbwana, kaka yao mkubwa. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu wa haki mpaka anachosha. Alishatangaza kwamba nguo zitakwenda hapa, baiskeli pale, nyundo na mikasi ya bati kwa vijana wa kazi, na vile vigari kila mtoto wa ukoo atapewa kimoja, ili kila mtoto amkumbuke mjomba. Wanawake wakatikisa vichwa, wakasema hapo umefikiri. Na lilikuwa wazo zuri, hilo ndilo lililonitia homa. Lingekuwa baya, ningejua pa kulishika.

Kuanzia hapo nikalala chumba kile, kichwa kimeegemea kabati. Watoto wakawa wanakuja kuchagua, wanabandika pua kwenye kioo, wanaacha mafuta, mimi nafuta. Hamza, mtoto wa Mjomba Mbwana, alishachagua cheusi cha kifungo. Akaniambia atakitoboa puani apitishe kamba akiburute hadi kisimani. Nilimkimbiza kwa mchi. Nikaona siku zinakwenda na hakuna mtu mzima hata mmoja anayeniuliza nina nini.

Arobaini ikafika. Kisomo kikaisha, watu wakala, mkeka ukatandikwa uani, vitu vikaanza kutolewa. Kanzu. Viatu. Redio. Kila kitu kikitoka, kabati linakaribia, na mimi nasogea mbele. Mama aliniona, akanishika mkono wa gauni asiuachie. Lilipotolewa kabati jua likapiga kwenye vile vioo vya basi, watoto wakasimama wote kwa pamoja.

Nikajichomoa. Nikaenda mbele ya Mjomba Mbwana, nikapiga goti, nikamwamkia, nikasema kwa heshima kabisa kwamba Mjomba Mhina alisema asitawanyiwe. Akanijibu polepole, kama unavyomjibu mtoto mwenye msiba, kwamba marehemu hana kabati tena, ana watu. Nikarudia kwa sauti. Nikarudia tena nikiwa nimesimama. Hapo akauliza nani amenituma kuzungumza kwenye mkeka wa wakubwa, na mama akanivuta kwa sikio mpaka nyuma ya wanawake. Kutoka huko nikaona kioo kinateleza. Mjomba Mbwana akaingiza mkono rafu ya juu, katikati, kwa Mzee Tone, akatoa kimoja. Mtoto wa kwanza akanyoosha kiganja.

Ndipo tukasikia kikohozi cha marehemu.

Nyie, damu iliganda. Kile kikohozi chenyewe, cha vipande vitatu na mluzi mwishoni. Kikatokea nyuma ya jiko, na nyuma yake akatokea Mzee Maganga amevaa ovaroli ya mjomba, ile iliyokakamaa rangi, anatembea vile vile, bega moja chini. Uani pote pakapasuka kwa kicheko, wengine wanacheka huku wanajifuta machozi kwa kanga.

Sisi na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani ana uhuru wake. Atamwigiza marehemu, atamsema, atachukua chochote kilichompendeza, na mfiwa hamkasirikii. Alichochukua mtani hakigawiwi tena. Ukikitaka, unamfuata ukikomboe kwa bei atakayotaja yeye. Mimi haya nilikuwa nayasikia tu, sijawahi kuyaona yakinijia nyumbani.

Akamfikia Mjomba Mbwana, akamnyang'anya kile kigari mkononi. Akakigeuza juu chini, akakipima homa kwa mgongo wa kiganja, watu wanacheka. Akakirudisha ndani, rafu ya chini, pasipo pake. Akafunga kioo. Akavuta shuka kwenye rundo la nguo, akalifunga kabati zima kama mgonjwa.

"Hili langu," akasema. "Mababu zangu walibeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo. Mimi nishindwe na kabati la Mzigua?"

Akainama, vijana wawili wakamtwika, akainuka nalo kichwani.

Wote waliona mtani. Mimi niliona yule mtukanaji wa kila jioni, amesubiri mjomba hayupo, anaondoka naye. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka ladha ya ovaroli, rangi kavu na jasho, halafu ladha nyingine ya chumvi, nimemng'ang'ania mkono wa kulia kwa meno na miguu yangu haigusi chini. Kabati likainama. Nikasikia vigari vyote ndani vinateleza kwenda upande mmoja na kugongana, mlio mdogo kama visoda kwenye mfuko, na hata hapo sikuachia.

Kicheko kikakatika. Matone yakaanza kudondoka kwenye mkeka.

Mjomba Mbwana hakupaza sauti. Alisema damu imetoka. Mtani akitolewa damu, akaumia, akakasirika, hapo hakuna utani tena, ni ugomvi, na kwenye ugomvi hakuna kitu cha kuchukua. "Maganga," akasema, "weka kabati chini."

Na alikuwa sahihi, ndivyo ilivyo. Watu wote wakamwangalia Mzee Maganga. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, nimeinua macho na meno bado yako pale pale. Uso wake ulikuwa umekunjamana, jicho limejaa maji, mshipa wa shingo umesimama kwa uzito wa kabati na kwa uchungu wangu. Mtu yeyote angenipiga kofi. Mimi mwenyewe ningejipiga.

Akacheka. Alianza kama mtu anayepandisha gari mlima kwa gia ndogo, halafu kikatoka chote.

"Damu gani? Hii rangi. Marehemu kaniachia ovaroli mbichi." Akanitikisa kidogo. "Na huyu mtoto mnamnyima nyama tangu lini?"

Baadhi wakacheka, baadhi wakasita, wanangoja. Mjomba Mbwana akasema tena kwamba damu ni damu, akamgeukia Bibi, maana pale mkubwa wa wote alikuwa yeye. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Akautazama ule mkono, akalitazama shuka.

"Mwenye mkono anacheka," akasema. "Wewe unalilia mkono wa nani?"

Mjomba Mbwana akampisha Maganga njia. Mama akaja kunibandua. Mzee Maganga akaondoka na kabati lake kichwani, anayumba, anamwimbia marehemu nyimbo za matusi mpaka kwenye lori. Nililikimbiza lile lori kwa madongo hadi nikaishiwa pumzi, na maneno niliyoyatoa sitayaandika. Jioni nilichapwa, na nilichapwa vizuri.

Nikamchukia mtu yule kwa miaka. Nimekua na chuki ile kama kaka yangu. Nilipopata simu yangu ya kwanza, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatafuta kina Mzee Tone, na nikawapata, na majina yao ya kweli sasa nayatamka bila kukwama. Hakuna aliyenifundisha. Usiku nagombana mtandaoni na watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwa sababu wamempa Bwana Wembe gari lisilo lake. Na kila nikishinda ugomvi nakumbuka kwamba vya kwetu vilikwenda Mkumbara, nikiamini vimeshauzwa, vimeburutwa, vimekwisha.

Mwaka juzi kwenye harusi ya Hamza, huko huko Kwedizinga, Mjomba Mbwana akawa analalamikia watani wa siku hizi, hawana adabu. Akatoa mfano wa Maganga. Kumbe alimfuata kukomboa kabati, si mara moja. Alimpelekea jogoo, akakataa. Akampelekea mbuzi, akakataa, akataka ng'ombe anayetaga. Mwaka mwingine akataka Mzigua asiyependa bada. Watu meza nzima wakacheka. Mimi nikarudisha tonge la pilau sahanini. Mtani gani anakataa mbuzi? Mtani anachukua kitu ili kikombolewe, ale, basi. Huyu alitaja bei ambazo haziwezi kulipwa na mtu.

Wiki ile ile nikashuka Mkumbara na jogoo kwapani.

Nilimkuta barazani, mguu mmoja umevimba, lori alishaliacha. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaangalia mdomo wangu zaidi.

"Umekula kabla hujaja?"

Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, akamshika jogoo, akasema huyu ana kifua, ndiyo maana Wazigua mnamtoa. Kisha akanionyesha kwa kidevu niingie ndani.

Lilikuwa ukumbini, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikakitoa. Vilikuwemo vyote. Havina vumbi, vioo vinang'aa, na vilikuwa vimepangwa hovyo kuliko unavyoweza kufikiri: vyekundu na vyekundu, vyeusi na vyeusi, Shehe Wima amelala ubavuni kwa Mzee Tone. Mtu huyu hakuwa anajua chochote. Miaka yote ile ya chai hakusikiliza hata jina moja, aliona vidude mpaka mwisho. Alichojua ni kwamba mwenzake hakutaka vitenganishwe, akavibeba.

Nikakaa chini kwenye sakafu nikaanza kuwarudisha watu kwenye koo zao. Yeye akaja na mkongojo wake, akaketi kwenye kochi nyuma yangu, kila nikishika kimoja anauliza huyu mtoto wa nani. Namwambia. Anakosoa. Anasema mbona hafanani na baba yake, mchunguzeni mama. Tulifika rafu ya pili hivyo.

Nikageuka kumjibu, nikamkuta haangalii kabati. Anaangalia mahali nilipokaa, sakafuni, nina kigari mkononi, kama alivyokuwa anakaa mjomba. Ndipo nikaelewa jambo lililokuwa mbele ya macho yangu tangu utoto. Mtani msibani haruhusiwi kukasirika, na kulia pia haruhusiwi. Siku zile zote watu walipanga mstari kumpa mkono Bibi, kumpa mkono mama, Mjomba Mbwana, hata mimi kitoto nilipewa pole na watu nisiowajua. Huyu aliyekuja karibu kila jioni ya maisha yake, hakuna aliyemwambia kitu. Alipewa ovaroli ya rafiki yake, akaambiwa achekeshe watu, na akawachekesha huku mtoto amemning'inia kwa meno.

Nikaweka kigari chini.

"Mzee Maganga," nikamwambia, "pole na msiba."

Nikangoja tusi. Alikuwa nalo, niliona midomo inalitafuta. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti lililovimba, akailainisha kwa kiganja mara nyingi sana.

"Nishapoa," akasema, kama watu wanavyojibu. Na hakuwa amepoa hata kidogo. Nikasogea karibu na kochi, tukakaa hivyo, kabati likiwa wazi, mpaka yule jogoo akaanza kuwika uani na hakuna kati yetu aliyemtania mwenzake.